Sikiliza kwake, ita kwako: namna Mzee alivyoitafuta Unguja kwa redio

Na Mwandishi Wetu, London

Jumamosi moja ya baridi, saa kumi na mbili kasoro za jioni, tulipanda ngazi za jengo moja kusini-magharibi ya London kumtembelea mzee wetu mmoja wa Kizanzibari. Alikuwa ametupigia simu mchana. "Njooni," alisema, "leo yumo mtu Unguja." Hakusema zaidi na sisi hatukumuuliza, kwani sote tunaomjua tunaelewa anakusudia nini akisema yumo mtu. Maana yake kuna redio inayosikika kutoka kisiwani.

Mzee huyu alikuwa mwendesha redio wa meli za mizigo tangu ujana wake. Amepiga Morse katika Bahari ya Hindi na katika Atlantiki, mpaka mwaka 1999 ambapo meli ziliachana rasmi na Morse kwa mambo ya dharura na satelaiti zikachukua nafasi yake. Hakutaka jina lake litajwe. "Si kwa khofu, wanangu," alituambia, "ila sitaki watu wa barzani wanifanye gumzo." Basi tutamwita Mzee.

Tulimkuta ameketi mbele ya meza yenye kompyuta mpya, redio ya mawimbi mafupi na kikombe cha chai kilichopoa. Waya mwembamba ulitoka nyuma ya redio, ukapita dirishani na kunyooshwa kando ya baraza ya ghorofa. Huo ndio antena yake. Tulimwamkia, akaitikia bila ya kugeuka. Alikuwa anakodolea macho mstari mmoja kwenye skrini, alama ya mwito inayoanza na 5H1, na mbele yake herufi na nambari nne: KI93.

Kwa wasio na khabari na mambo haya, tufafanue. Kila mtu mwenye leseni ya redio ya ridhaa, yaani redio ya wapenzi wasiofanya biashara, hupewa alama yake ya mwito. Mwanzo wa alama huonyesha nchi. Tanzania ni 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X, Burundi 9U, Rwanda 9X, Kongo ya Kinshasa 9Q, na Oman A4. Zanzibar imezoeleka kuwa 5H1. Ama KI93, hicho ni kipande cha ramani ya dunia kwa mfumo wanaoutumia watu wa redio, na ndani yake mmo Mji Mkongwe na mmo pia Dar es Salaam. Pale tulipoketi sisi ni IO91. Kati ya vipande hivyo viwili pana zaidi ya kilomita 7,000.

Mzee alikuwa akiita kwa nusu saa na hajajibiwa.

Wasomaji watauliza, na wana haki kuuliza: katika zama za WhatsApp, haya yana faida gani? Sisi pia tuliwahi kumuuliza. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa Tanzania, na wengi wetu tulioko nje tulikaa siku kadhaa tukitazama alama moja ya tiki isiyogeuka mbili. Siku hizo simu ya Mzee haikupumzika. Watu walitaka awatafutie khabari za ndugu zao kwa redio. Aliwajibu wote jibu moja: hawezi, na hata angeweza asingefanya. Kanuni za kimataifa zinaruhusu redio ya ridhaa ipitishe ujumbe wa mtu mwingine baina ya nchi na nchi wakati wa dharura na maafa tu, na hairuhusiwi kuficha maana ya maneno. Juu ya hayo, Unguja hakukuwa na mtu anayesikika siku zile.

"Lakini mnaona," alituambia baadaye, "mambo haya hayafunzwi siku ya shida. Siku ya shida mtu anatakiwa awe keshajua." Ndiyo maana tukaenda Jumamosi ile na daftari. Hatuna leseni, na kazi yetu ilikuwa kutazama na kuandika.

Njia anayoitumia Mzee inaitwa FT8. Ilitoka mwaka 2017, kazi ya Joe Taylor na Steve Franke wa Marekani. Taylor ni yule mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse kwa kugundua aina mpya ya nyota inayotoa mapigo ya redio. Mtu aliyezoea kutafuta sauti dhaifu kutoka angani amewatengenezea wapenzi wa redio programu ya kutafuta sauti dhaifu hapa duniani. Programu yenyewe ni WSJT-X, inatolewa bure, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux.

Katika FT8 hakuna kuongea. Kompyuta inatoa mlio mwembamba wenye toni nane, redio inaurusha, na kompyuta ya upande wa pili inausoma. Zamu ni za sekunde 15. Mmoja anarusha kwa sekunde zipatazo 13 kisha ananyamaza, na mwenzake anajibu zamu inayofuata. Kwa hivyo saa ya kompyuta lazima iwe sahihi. Ikikosea zaidi ya sekunde moja hivi, mambo huanza kuharibika. Mlio wa mtu mmoja unachukua upana wa hezi 50 tu, na programu inaweza kuusoma hata ukiwa umezama chini ya kelele kiasi ambacho sikio la binadamu halisikii kitu. Ubaya wake ni kuwa maneno ni machache mno. Ujumbe wa kujiandikia mwenyewe haupiti herufi 13. Mengine yote ni alama ya mwito, kipande cha ramani, kipimo cha usikivu na kwaheri.

Sasa tuje kwenye tatizo la Mzee. Kwenye mkanda wa mita 20 watu wa FT8 wanakutana wote megahezi 14.074. Ndani ya dirisha hilo moja la hezi 3,000 hivi, kila mtu anachagua mahali pake. Skrini inaonyesha mistari ya rangi inayoporomoka kama mvua kwenye kioo, na kila mstari ni mtu. Yule wa Unguja alikuwa akiita kwenye hezi 1,350. Alipoita tu, Ulaya nzima ilimrukia. Na karibu kila aliyemrukia alimjibu palepale, kwenye hezi 1,350.

"Fikirini mko gatini," Mzee alisema, "nahodha anauliza nani anataka kupanda, na watu hamsini wanajibu kwa wakati mmoja kwenye sikio lake lilelile. Atasikia jina gani?"

Kumbe na Mzee mwenyewe alikuwa miongoni mwa hao hamsini. Tulimwona anavyofanya: anabofya mara mbili kwenye jina la mtu wa Unguja, programu inajaza kila kitu, na redio inaanza kurusha. Ghafla akaweka mkono juu ya meza na kutikisa kichwa.

"Nimefanya kwa kompyuta jambo ambalo kwa mkono nisingelifanya," alisema.

Tulimtaka aeleze. Kwa Morse na kwa sauti, alisema, waendesha redio wana mila ya tangu zamani. Kituo adimu kikizidiwa na waitaji husema "juu tano," yaani mimi nitarusha hapa, nanyi niiteni kilohezi tano juu yangu. Yeye anabaki na mahali pake safi ili wote wamsikie, na waitaji wanatawanyika kwingine ili aweze kumchambua mmoja mmoja. Kusikiliza masafa haya na kurusha masafa mengine, huko ndiko kutenganisha masafa. Mzee amefanya hivyo miaka mingi. Ila wiki ile alikuwa amenunua kompyuta mpya, programu imewekwa upya, na mipangilio yake yote ya zamani imepotea. Programu isipoambiwa vingine, ukibofya jina la anayeita inakupeleka wewe mzima mzima, sikio na mdomo, mpaka pale alipo yeye.

Dawa yake ni kisanduku kidogo kilichoandikwa "Hold Tx Freq", maana yake shikilia masafa ya kurushia. Ukikitia alama, ukibofya jina la mtu sikio lako linakwenda kwake, lakini mdomo unabaki pale ulipouweka. Juu ya mistari ya rangi kuna alama mbili: ya kijani ni unaposikiliza, nyekundu ni unaporushia. Kubofya kawaida kunahamisha ya kijani; ukishika kitufe cha Shift na kubofya, nyekundu inahama.

Mahali pa kuiweka nyekundu nako kunataka akili. Mtu wa Unguja alikuwa akirusha sekunde ya 0 na ya 30 ya kila dakika, kwa hivyo waitaji wote walikuwa wakirusha sekunde ya 15 na ya 45. Mzee alituonya: ukitazama zamu ya Unguja utaona skrini nyeupe na kudhani kila mahali pako wazi. Lazima uiache zamu yako moja ipite bila ya kurusha, utazame waitaji wenzako wamejazana wapi, ndipo uchague pengo. Na hata hivyo hakuna dhamana, kwani pengo unaloliona London huenda kule Unguja limezibwa na mtu wa Bara Hindi ambaye wewe humsikii. Ukiita mara nne au tano bila ya jibu, hama.

Mzee aliiacha zamu, akatazama, akaona pengo chini kabisa, kwenye hezi 400. Akaita mara mbili. Mara simu ya mezani ikalia. Alikuwa rafiki yake wa Kiingereza, mpenzi wa redio anayekaa mtaa wa pili, na alikuwa akicheka. "Mzee, leo uko watatu," alisema. Kwenye skrini yake alama ya Mzee ilionekana kwenye 400, na vivuli vyake kwenye 800 na 1,200.

Hilo lilikuwa kosa la pili la kompyuta mpya, na ndilo lililotufunza zaidi usiku ule. Mlio unaotoka kwenye kompyuta ukiwa na nguvu kupita kiasi huzaa vivuli: mara mbili ya masafa yake, mara tatu, na kuendelea. Mlio wa hezi 400 kivuli chake ni 800, kisha 1,200, na vyote vinapita vizuri kwenye kichujio cha redio na kwenda hewani, vikiwaharibia watu wengine. Lakini mlio ukiwa baina ya hezi 1,500 na 2,000, kivuli chake cha kwanza kinaangukia 3,000 au zaidi, na kichujio cha redio, ambacho kwa kawaida hukomea karibu na 2,800, kinakizuia. Kwa hivyo mlio bora ni ule unaobaki katikati.

Sasa mtu atafanyaje kama pengo lake liko 400 na mlio unatakiwa uwe 1,500 na kitu? Hapo ndipo panapoingia mpangilio mwingine wa programu, ulio kwenye ukurasa wa redio na unaoitwa "Split Operation". Una chaguo tatu. La kwanza ni kutotenganisha kitu. La pili, "Rig", ni kwa redio zenye masafa mawili ndani yake: A inasikiliza na B inarusha, na programu inaisogeza B. La tatu linaitwa "Fake It", yaani jifanye. Hapo redio inatumia masafa mamoja tu, ila kila ikifika zamu ya kurusha programu inayahamisha upesi, na zamu ikimalizika inayarudisha.

Mzee alituandikia hesabu nyuma ya bahasha, na sisi tunainakili. Sikio liko 14.074, pengo liko hezi 400 juu yake, maana yake tunataka kusikika 14.0744. Programu inaiteremsha redio hezi 1,500 mpaka 14.0725, na kompyuta inatoa mlio wa hezi 1,900. Jumlisha: 14.0744. Mahali ni palepale, lakini mlio umekuwa safi. Na pengo likiwa juu, kwenye hezi 2,600? Redio inapanda hezi 1,000 mpaka 14.075, na mlio unakuwa 1,600. Anayesikiliza hajui kama kuna kilichohama, na mwenye redio hana la kufanya zaidi ya kuchagua mara moja tu. Sharti ni kuwa kompyuta iwe imeunganishwa na redio kwa waya wa kuiongoza, si waya wa sauti peke yake.

Mzee alichagua "Fake It", akapunguza nguvu ya mlio mpaka sindano ya redio ikatulia, akampigia rafiki yake. "Sasa uko mmoja," aliambiwa.

Hapa tuweke tahadhari moja ambayo Mzee aliisisitiza. Ndani ya programu hiyo mna hali nyingine iliyotolewa mwaka 2018 kwa ajili ya misafara inayokwenda visiwa adimu, nayo ni ya Mbweha na Mbwa wa Mawindo. Ilitumika mwaka huohuo katika msafara wa Baker, kisiwa kidogo katika Pasifiki. Mbweha, yaani kituo adimu, anarusha chini, hezi 300 hadi 900, na anaweza kuwajibu hadi watu watano kwa pamoja. Mbwa wote wanaita juu ya hezi 1,000, na anayejibiwa programu inamhamisha yenyewe mpaka masafa ya Mbweha ili amalizie. Huko ni kutenganisha masafa kulikokamilika. Lakini hali hiyo ina masafa yake maalumu, haitumiki 14.074 ambapo watu wote wanakutana, na usijigeuze Mbwa kama huyo unayemwita hakutangaza kuwa ni Mbweha. Mtu wa Unguja hakutangaza. Alikuwa mtu wa kawaida katika uwanja wa kawaida.

Ilikuwa saa moja kasoro robo kwa London, saa nne kasoro robo usiku kwa Unguja. Mzee alikuwa amehama mara mbili na sasa alikuwa kwenye hezi 2,480. Sikio liko 1,350. Wati 30 zikaingia kwenye waya wa baraza. Kimya. Mara ya pili, kimya. Mke wake alipita akauliza kama bado hajapata, akajibiwa, "Subiri, bibie." Mara ya tatu, zamu ya Unguja ilipomalizika, mstari mwekundu ukatokea kwenye skrini. Ulianza na alama ya mwito ya Mzee, ukafuatwa na ile ya 5H1, na mwisho nambari: -19.

Kipimo hicho maana yake alisikika kwa shida sana, desibeli 19 chini ya kelele. Mlio ukipungua kidogo tu zaidi ya hapo, hausomeki. Programu ikajibu yenyewe kwa kumpa Unguja kipimo chake, -08. Unguja ikatuma RR73, nimepokea na salamu. Mzee akatuma 73, kwaheri. Tangu mwito mpaka kwaheri dakika moja na nusu, na hakuna neno hata moja lililosemwa ambalo lisingeweza kuandikwa kwenye tikiti ya daladala.

Tulimtazama Mzee. Alikuwa ameshika kidole juu ya KI93 kwenye skrini, kama anayefuata mstari wa kitabu. Aliondoka Unguja kijana, na kwa sababu zake hajarudi. Aliyekuwa upande wa pili, kwa tunavyojua sisi, huenda ni mgeni tu aliyepeleka redio yake likizo, ameketi kwenye baraza ya hoteli, hajui kama amezungumza na mtoto wa mji. Tulimuuliza kama hilo linampunguzia kitu.

"Mawimbi hayakutoka kwa mgeni," alisema. "Yametoka kwenye hewa ya pale." Kisha akatuamrisha tunywe chai.

Kwa wasomaji wetu wa nyumbani tunaongeza neno moja la lazima. Kusikiliza ni jambo moja na kurusha ni jambo jengine. Asirushe mtu bila ya leseni. Tanzania leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na hapa Uingereza hutolewa na Ofcom baada ya mtihani. Mwenye kijana aliyeko skuli na anayependa ufundi anaweza kumwanzisha kwa kupokea tu: redio ya mawimbi mafupi, waya, kompyuta na programu ya bure. Atawaona watu wa dunia nzima wakipita kwenye skrini, na akitazama vizuri atajua nani ameweka masafa yake mahali pa busara na nani anapiga kelele mlangoni.

Tulipokuwa tunavaa makoti, Unguja ilikuwa ingali ikiita. Kwenye hezi 1,350 wale wengine walikuwa palepale, wamelundikana, mstari mmoja mnene usiosomeka. Mzee aliwatazama kwa huruma. Halafu akazima kitufe cha kurusha, ili asimchukulie mwenzake nafasi, na akabaki anasikiliza.